Upimaji wa Majengo ya Kijani na Uhimilivu wa Miji: Mfano wa Mwakirunge, Mombasa

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Kauli hii inawiana na mjadala wa majengo ya kijani, yaani majengo yanayosanifiwa ili yatumie nishati na maji kwa uangalifu. Makala haya yanafafanua namna ya kupima iwapo majengo hayo huusaidia mji kuhimili mabadiliko ya tabianchi.

Kwanza, dhana mbili hazina budi kutenganishwa. Kupunguza ni kudhibiti gesi zinazoipasha dunia joto. Kuhimili ni kujiandaa kuishi na joto, mafuriko na ukame ambao umekwisha kufika. Vipimo vingi huegemea dhana ya kwanza. Mathalani, mfumo wa EDGE, ulioanzishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2014, hulitaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Kipimo hicho kina manufaa, lakini hakielezi hali ya aliyemo ndani umeme unapokatika.

Mwakirunge, katika eneo la Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, inadhihirisha pengo hilo. Nyumba ya udongo isiyo na umeme wala maji ya mfereji haina cha kuokoa. Kwa kipimo cha akiba, haihesabiki. Hata hivyo, paa lake la makuti hupitisha hewa na halihifadhi joto, ilhali bati lisilo na dari hushika joto la jua la kaskazi na kulishusha chumbani. Kwa upande mwingine, makuti huwaka moto upesi, huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na maji yanayotiririka juu yake si safi. Bati hukinga mvua ya masika na kujaza tangi. Kila paa, basi, huhimili tishio moja na kushindwa na jingine. Alama moja ya jumla huuficha ukweli huo.

Kutokana na hayo, upimaji wa haki unahitaji kuzingatia mambo manne:

(a) joto na unyevu, ndani na nje, mchana na usiku, wakati wa kaskazi na wa kusi;

(b) idadi ya siku ambazo maji yaliyohifadhiwa huitosha familia;

(c) muda na gharama ya ukarabati baada ya mvua kubwa;

(d) athari kwa jirani, kwani kiyoyozi hupoza chumba kimoja na kumwaga joto nje.

Kwa kuhitimisha, iwapo vyeti vya akiba pekee ndivyo vitakavyoongoza sera na fedha za ujenzi, mkaazi wa nyumba ya makuti ataachwa nje ya hesabu, ingawa joto na mvua humfikia mapema kuliko wengi.