Akiba ya Chakula Wakati wa Vita

Vita hupigwa mbali, lakini njaa yake huweza kufika mlangoni. Mwezi wa Machi 1942 Wajapani waliiteka Rangoon, mchele wa Burma ukakatika, na watu wa Unguja waliouzoea wakabidiwa kutegemea zaidi mihogo na nafaka. Mwaka huohuo mvua zilipungua Kenya, na 1943 njaa ikaingia. Wakikuyu waliiita njaa ya mihogo, kwa kuwa unga wa muhogo ndio uliookoa wengi. Kwa hiyo mkulima asingoje ghala la serikali. Na awe na lake. Mambo ya kuangaliwa ni haya:

1. Hesabu. Debe moja la punje za mahindi lina uzito wa kilo 17 hivi. Mtu mzima akila zaidi kidogo ya nusu kilo kwa siku, debe humtosha mwezi mmoja. Nyumba ya watu wazima 6 yataka madebe 18 kwa miezi 3.

2. Kukausha. Wazee husema akiba haiozi, lakini nafaka mbichi huoza. Ianike juu ya jamvi. Uma punje: ikivunjika kwa kishindo imekauka, ikibonyea, bado.

3. Ghala. Liinuliwe juu ya nguzo kiasi cha mita moja, na kila nguzo ivishwe bati mfano wa mwavuli, panya wasipande. Majivu makavu yakichanganywa na nafaka hupunguza fukusi.

4. Mazao ya akiba. Ulezi mkavu hudumu miaka mingi bila kubunguliwa. Muhogo huweza kungoja ardhini, lakini ukikaa mno huwa na nyuzi. Muhogo mchungu una sumu: umenywe, ulowekwe, kisha uanikwe. Makopa yakaguliwe mara kwa mara, maana dumuzi huyatoboa.

5. Zamu. Mavuno mapya yakiingia, ya zamani yaliwe kwanza. Mbegu ziwekwe mbali, zisiguswe.

Katika vita bei hupanda, na mnunuzi huja na fedha mkononi. Auzaye chakula chote hukinunua baadaye kwa bei kubwa zaidi. Tena huenda fedha ikawepo na chakula kisiwepo. Basi, ndugu mkulima, uza ziada, usiuze akiba.