Juu ya nini Land Cruiser za zamani hazitaki kufa kwenye barabara zetu

Kati ya Bukavu na Kamituga, kwenye barabara ya kitaifa nambari 2, kuna karibu kilomita 180. Wakati wa jua, jeep yenye afya inaweza kutoka Bukavu asubuhi na kufika siku ileile. Wakati wa mvua, malori yanalala njiani siku nyingi, moja nyuma ya lingine, yamezama kwenye matope, na gari ndogo ya mjini haijaribu hata. Zile zinazoendelea kupita ni karibu za ukoo mmoja: Toyota Land Cruiser, na nyingi kati yao zimezaliwa mbele ya shofere anayeziendesha.

Gari iliyochorwa miaka zaidi ya 40 iliyopita bado inatafutwa kuliko gari mpya yenye kioo cha kugusa na kamera. Mtu anaweza kuuza kiwanja ili ainunue. Wengine wamepata nayo faida, wengine imewafilisi. Tofauti kati yao mara nyingi si bahati. Ni hesabu moja ambayo wengi hawaifanyi mbele ya kulipa: gharama kubwa ya jeep haitoki kwenye gari, inatoka kwenye barabara.

Jina "jeep" lilitoka wapi

Huku kwetu kila gari ya juu yenye kusukuma kwa magurudumu mane tunaiita jeep, hata kama imeandikwa Toyota, Nissan ao Mitsubishi. Jina hilo ni la Marekani. Kunako mwaka wa 1940, jeshi la Marekani liliomba viwanda gari ndogo, nyepesi, inayoweza kupita pasipo barabara. Kampuni ndogo ya Bantam ndiyo ilitoa gari ya kwanza, lakini Willys na Ford ndizo ziliunda nyingi: zaidi ya elfu 600 wakati wa vita ya pili ya dunia.

Vita ilipoisha, gari hizo zilibaki zimetawanyika duniani. Moja ilikuwa kwenye shamba la Maurice Wilks, mkubwa wa mainjinia wa kampuni ya Rover, huko Anglesey, Uingereza. Alipoona namna inavyomsaidia shambani, akataka kuunda ya kwake kwa ajili ya wakulima. Chuma kilikuwa haba nyuma ya vita, basi karoseri ikatengenezwa kwa aluminiamu. Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam mwezi wa 4 mwaka wa 1948. Tangu 1952, kampuni ya Minerva ya Ubelgiji nayo ilianza kuunda Land Rover kwa ruhusa, kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo. Wazee wa huku wanakumbuka Land Rover za misioni na za mashamba makubwa. Aluminiamu yake haikuliwa na kutu, lakini shasi chini yake ilikuwa ya chuma, na hapo ndipo nyingi zilikufia.

Japani ilifuata. Mwaka wa 1951 Toyota iliunda gari iliyoitwa BJ, yenye motere ya lori. Mwezi wa 7 mwaka huo, shofere wa majaribio Ichiro Taira alipanda nayo Mlima Fuji mpaka kituo cha 6, na polisi ya Japani ikaagiza. Watu waliiita "Toyota Jeep", lakini jina Jeep lilikuwa mali ya Willys. Ndiyo sababu mwaka wa 1954 Toyota ikachagua jina lingine: Land Cruiser. Ya mfululizo wa 40 ilitoka mwaka wa 1960 na ikaenea Afrika nzima. Mwaka wa 1984 ikaja ya mfululizo wa 70, ile tunayoiona kila siku: pikapu, na ile ndefu yenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma.

Land Rover ya aina ya zamani, iliyokuwa imeitwa Defender, ilifungwa kiwandani mwezi wa 1 mwaka wa 2016. Ile ya 70 ya Toyota bado inaundwa mpaka leo.

Nguvu yake ni kueleweka

Watu husema Land Cruiser ni gari yenye nguvu. Ni kweli nusu. Motere inayopendwa zaidi huku, ile ya mazutu inayoitwa 1HZ, ilitoka mwaka wa 1990. Iko na silinda 6, ujazo wa lita 4.2, na nguvu ya farasi karibu 130 tu. Kuna gari nyingi za mjini zinazoipita kwa mbio. Lakini haina turbo, wala ordinateri ya kuongoza mazutu. Pompe yake inafanya kazi kwa vyuma tupu. Ikipata shida, fundi anaisikia kwa sikio na kuigusa kwa mkono. Haihitaji mashine ya kusoma makosa ambayo Mwenga ao Fizi haipatikani.

Mambo mengine yanafuata njia hiyohiyo. Karoseri imewekwa juu ya shasi nzito, kama lori. Ekseli za mbele na nyuma ni chuma kimoja kinachotoka gurudumu mpaka gurudumu. Nyuma kuna resori za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kimoja kikivunjika, shofere anaweza kukifunga kwa kamba ya mpira na kufika kijiji kinachofuata. Hazimpi abiria raha, na mgongo wake unajua hivyo, lakini zinabeba na zinatengenezeka.

Kando ya levye ya vitesi kuna fimbo ya pili ndogo, ile mashofere wanaiita krabo. Hiyo ndiyo inaingiza magurudumu ya mbele katika kazi, na pia ndiyo inaleta vitesi vya polepole vya kupandia mlima. Kwenye gari nyingi za zamani hiyo pekee haitoshi: lazima mtu ashuke na kufunga kwa mkono vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele. Wengi wanasahau. Wanavuta fimbo, gari inakwama, na wanafikiri imeharibika, kumbe magurudumu ya mbele hayajapokea kitu. Na kosa la pili ni kinyume chake: kuacha krabo imefungwa kwenye lami ao ardhi ngumu na kavu. Magurudumu hayawezi kuteleza, vyuma vya ndani vinavutana, na gari inajila yenyewe.

Gari ya wakubwa, gari ya wagonjwa

Kwa miaka mingi, sura ya Land Cruiser Kivu ilikuwa nyeupe, yenye antena ndefu: MONUSCO, mashirika ya misaada, idara za afya. Haya yananunua mapya kwa wingi, na nyuma ya miaka kadhaa yanayauza. Hapo ndipo mfanyabiashara wa huku anaipata. Nyingine zinatoka Dubai na nchi za Ghuba, ao Japani, na zinapita bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam.

Jeep hiyohiyo ndiyo ambulansi. Katika zone za afya zilizo mbali, mama aliyeshindwa kujifungua anategemea gari moja, na ikiwa haina mazutu ao mipira, wanaume wanambeba kwenye kitanda cha miti. Ndiyo gari inayobeba chanjo vilevile. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali rasmi Land Cruiser ya 78 yenye friji nyuma kuwa gari ya kusafirishia chanjo, ya kwanza kupata kibali hicho.

Wakati wa Ebola Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, wengi wenye jeep Beni na Butembo waliikodisha kwa timu za kupambana na ugonjwa. Pesa iliyolipwa kwa siku moja ilifanya watu wengine wakope ili wanunue gari. Ebola ilipotangazwa kuisha mwezi wa 6 mwaka wa 2020, kazi ikaisha pia. Mwenye kuwa alinunua kwa deni alibaki na gari iliyochoka na deni lisilochoka. Ni funzo kwa kila anayetaka kununua jeep kwa sababu ya mteja mmoja tu.

Tena kuna upande wa bunduki. Gari inayopita kila mahali inatamaniwa na kila mwenye silaha. Mwaka wa 1987, mapigano kati ya Chadi na Libya yalipata jina la "vita ya Toyota" kwa sababu askari wa Chadi walishinda vifaru wakiwa kwenye pikapu hizi. Huku kwetu, mwenye jeep anajua kwamba kwenye njia fulani anaweza kurudi kwa miguu. Ndiyo maana wengine wanaacha jeep mjini na kupanda pikipiki.

Mbele ya kulipa

Mafundi wanaojua kazi hawaanzi kwa motere. Wanalala chini ya gari. Shasi ndiyo mfupa, na rangi mpya inaweza kuficha mfupa uliovunjika. Wanatafuta mahali palipochomelewa, hasa karibu na resori na sanduku la usukani. Kisha wanalinganisha nambari iliyogongwa kwenye shasi na ile ya karte roze. Zisipofanana, hata bei ikiwa tamu namna gani, ni heri kurudi nyumbani: inaweza kuwa gari iliyoibwa.

Jambo la pili ni mafuta ya ndani. Gari iliyovuka mito sana inaweza kuwa imeingiza maji kwenye ekseli. Ukifungua kizibo na kukuta mafuta meupe kama maziwa, maji yameingia, na meno ya ndani yamekwisha kuanza kuliwa. Vilevile kwenye viungo vya magurudumu ya mbele: ikiwa grisi imechanganyika na matope, matengenezo yako karibu.

Jambo la tatu ni mkanda wa motere. 1HZ inatumia mkanda wa mpira unaobadilishwa kila kilomita elfu 100. Muuzaji akisema amebadilisha na hana uhakika lini, hesabu kwamba hajabadilisha. Ukikatika njiani, motere inasimama palepale, na ndani inaweza kuvunjika.

Mwisho, uliza motere inakunywa nini. Jeep nyingi za nchi za Ghuba ziko na motere ya esansi. Zina mbio nzuri, lakini zinakunywa kuliko ya mazutu, na hesabu hiyo inarudi kila wiki.

Gari inakula nini

Kwenye barabara nzuri, Land Cruiser ya mazutu inaweza kutumia lita 12 mpaka 15 kwa kilomita 100. Hiyo ndiyo hesabu watu wanayoifanya nyumbani. Lakini matope hayajui hesabu hiyo. Gari inayopanda kwa vitesi vya kwanza saa nzima, inayorudi nyuma na kujaribu tena, inakula zaidi bila kusogea. Ile ndefu iko na matangi mawili ya jumla ya lita 180, na si bure walioichora waliyaweka.

Baada ya mazutu kuna mipira, resori, fre, ambreyaje. Vyote vinaliwa na mashimo mapema kuliko kitabu cha kiwanda kinavyosema. Hapo kuna mtego wa vipande vya bandia, vyenye karatasi nzuri na bei ndogo. Kwa filtri ya mazutu mtego huo ni mbaya zaidi. Mazutu inayouzwa kwenye bido kando ya njia mara nyingi iko na maji na uchafu, na filtri mbovu inaacha vyote viingie kwenye pompe. Mtu anaokoa dola chache na anapoteza mamia. Wenye kudumu na gari zao wana tabia moja: wanaosha chini ya gari, wanapaka grisi na kubadilisha mafuta nyuma ya safari ngumu, hawangoji kilomita zitimie.

Barabara inayolipwa mara mbili

Congo inahesabu karibu kilomita elfu 152 za barabara. Zaidi ya elfu 58 ni za kitaifa na za majimbo, na zaidi ya elfu 86 ni zile za kutoa mazao mashambani. Zenye lami ni kidogo sana. Kuelekea Uvira, mashofere wengi wamezoea kuvuka Rwanda kwenye lami ili waepuke mlima wa Ngomo. Na Shabunda inangojea ndege.

Mwaka wa 2008 serikali iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Sehemu ya pesa zake inatoka kwenye mazutu na esansi tunazonunua, na sehemu inatoka kwenye peaji. Maana yake, mwenye jeep analipia barabara kila anapojaza tangi. Kisha analipa tena garaje kwa sababu barabara ile haikutengenezwa. Malipo ya pili hayakatiwi risiti, lakini ndiyo makubwa.

Na si yeye peke yake. Anapopandisha bei ya safari, muuza unga wa Kamituga anaongeza kwenye mfuko, na mama anayenunua analipia resori zilizovunjika ingawa hajawahi kupanda jeep.

Kazi inayoweza kupunguza hasara hiyo inajulikana na si ya ajabu: mifereji isafishwe mbele ya mvua, maji yasitembee katikati ya njia, na barrière za mvua ziheshimiwe ili malori mazito yasipite kwenye udongo laini. Zamani kantonie mwenye jembe alishika kipande chake cha njia na kukijibia. Pale ambapo vijiji vimerudia kazi hiyo na kulipwa, hata gari ndogo zinapita. Land Cruiser ni gari nzuri, na itaendelea kupita. Lakini mahali ambapo yeye peke yake ndiye anaweza kupita, watu wengi wamekwisha kubaki nyuma.