Picha 60 Katika Nafasi 50

Tarehe 20 Oktoba 1968 Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500 za Olimpiki mjini Mexico City kwa dakika 3 na sekunde 34.9. Kwa wastani alikuwa akikata karibu mita 7 kila sekunde. Kamera zilizomfuata zilitumia mfumo wa Marekani, NTSC, wenye picha 60 kwa sekunde, hivyo kati ya picha moja na inayofuata Keino alisogea kama sentimita 12. Televisheni za Ulaya zilitaka picha 50 kwa sekunde. Huko, kila picha ilipaswa kumkuta amesogea sentimita 14. Wengi wetu hudhani ugumu wa kubadilisha mifumo ya televisheni umo kwenye rangi. Umo kwenye sentimita hizo mbili.

Rangi ndiyo huonekana kwanza, na lawama huiangukia. Miaka ya 1990, kanda ya harusi iliyotumwa na ndugu walioko Marekani, ikitiwa kwenye deki ya nyumbani Dar es Salaam au Mombasa, ilitoa picha isiyo na rangi, tena yenye kupanda na kushuka kwenye kioo. Sisi tulikuwa watu wa PAL, mfumo wa Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken. Jirani zetu wa Kongo walifuata SECAM ya Wafaransa. NTSC hubeba rangi kwenye wimbi la megahezi 3.58, PAL kwenye megahezi 4.43, na televisheni iliyotegwa kwa wimbi moja haiioni rangi iliyoko kwenye jingine. Kuihamisha ni kazi ya saketi ndogo. Deki nyingi zilizosifiwa kuwa za mifumo yote ziliishia hapo: zilihamisha rangi, zikaacha mistari 525 ya picha na mwendo wa picha 60 vilevile. Televisheni iliyoweza kuhimili mwendo huo ilionyesha harusi vizuri. Lakini aliyejaribu kuinakili kwa deki ya pili alipata picha iliyovurugika, kwa sababu kilichotoka hakikuwa PAL kamili.

Mistari nayo haisumbui sana. Kutoka 525 ya NTSC kwenda 625 ya PAL, mtambo hukadiria mstari mpya kutokana na mistari jirani. Picha hupoteza ukali kidogo, basi.

Tuje kwenye muda. Wahandisi wa mwanzo waliufungamanisha mwendo wa picha na mizunguko ya umeme wa gridi, ili mtetemo wa umeme usitembeze michirizi kwenye kioo. Umeme wa Marekani huzunguka mara 60 kwa sekunde. Wa Ulaya, na wetu pia, mara 50. Kisha mwaka 1953 Wamarekani walipoongeza rangi walishusha mwendo hadi 59.94, wimbi la rangi lisije likagongana na la sauti. Desimali hiyo inawasumbua wahariri wa video hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1953, kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili kulivushwa kutoka mfumo wa Uingereza wa mistari 405 hadi ule wa Ufaransa wa mistari 819, kwa kutega kamera ya mfumo mmoja mbele ya kioo cha mwingine. Njia hiyo ilitosha, maana pande zote mbili zilikuwa na mwendo wa 50. Setilaiti zilipoanza kuvusha picha kutoka Marekani miaka ya 1960, 60 na 50 zilikutana uso kwa uso, na picha ikapepesa. Kwa Olimpiki ya Mexico, BBC ilitumia mtambo wa kielektroniki ulioichelewesha picha ndani ya vipande vya kwatzi. Mwaka 1972 wahandisi wa IBA, pia wa Uingereza, walionyesha DICE, mtambo wa kwanza wa kidijitali wa kazi hii.

Mtambo wa namna hii una njia tatu. Ya kwanza ni kutupa picha moja katika kila sita. Hesabu inakubali, jicho linakataa: karibu mara 10 kwa sekunde Keino ataruka sentimita 24 badala ya 12, na mbio zake zitaonekana za kukwamakwama. Ya pili ni kuchanganya picha mbili jirani. Mkwamo unapungua, lakini mkimbiaji anapata kivuli, mguu mmoja ukionekana mahali pawili.

Ya tatu ndiyo ninayoistaajabia. Mtambo hulinganisha picha mbili, hupima kila sehemu imeelekea wapi na kwa kasi gani, kisha huchora picha ya katikati: Keino mahali alipokuwa katika nukta ya muda ambayo hakuna kamera iliyoinasa. Hukosea pale mwendo usiposomeka. Maji yanayotibuka, mpira nyuma ya nyavu, na maandishi yanayopita chini ya kioo juu ya picha inayokwenda upande mwingine huutatiza hata mtambo wa gharama kubwa.

Kuhamia dijitali, kulikoanza Dar es Salaam mwishoni mwa Desemba 2012, kulimaliza ugomvi wa PAL na NTSC kuhusu rangi. Ugomvi wa muda ulibaki. Mechi ya NBA inayorushwa Ulaya bado inashushwa kutoka 59.94 hadi 50, na Ligi Kuu ya Uingereza inapandishwa kwa watazamaji wa Marekani.

Ndiyo maana mwenye zile kanda za harusi, anapozihamishia kwenye kompyuta, azitunze katika mwendo wake wa asili. Programu ya uhariri iliyowekwa kwenye mwendo mwingine itazilazimisha kimyakimya, mara nyingi kwa kutupa au kuchanganya picha, na kilichopotea hakirudi. Kabla ya kuanza, aweke 59.94 kwa kanda ya Marekani na 50 kwa ya kwetu. Kompyuta na simu za leo huonyesha zote mbili.