JICHO LISOMAPO HURUKA

Leo ubao upumzike kidogo. Kila mmoja ashike kioo cha kujitazamia. Tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha rudi. Je, umeyaona macho yako yakienda? Hukuyaona. Sasa jirani yako na akutazame ufanyapo vile vile. Yeye atayaona yakiruka waziwazi.

Jicho likiruka, ubongo huizuia habari ya ule mruko, tusione dunia ikitikisika. Tunaona jicho linapotua. Nalo hutua kama mara tatu kwa sekunde moja. Kwa nini lisitulie? Nyosha mkono, utazame kidole chako cha gumba. Mahali jicho lionapo vizuri kabisa ni kama upana wa gumba hilo tu. Pembeni ni ukungu. Hata mvuvi atafutaye papa potwe mbele ya Kilindoni haoni bahari yote sawasawa. Macho yake huruka kutoka kivuli hiki hadi kile.

Zamani watu walidhani kwamba jicho la msomaji huteleza juu ya mstari kama ngalawa yenye upepo mwema. Mwaka 1879 mtaalamu wa Kijerumani, Ewald Hering, aliweka mirija ya mpira juu ya kope, akasikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. Akasikia vishindo vidogo vidogo, kila jicho liliporuka. (Mimi napenda sana habari hii: macho yalisikika kabla ya kupigwa picha!)

Msomaji hodari hutua kama robo ya sekunde, kisha huruka mbele. Na atuapo, hupata herufi nyingi zaidi upande anaouendea. Katika herufi hizi zetu za darasani, ni kulia. Katika herufi za Kiarabu, ni kushoto. Basi wewe uliyesoma chuoni utotoni, usidhani chuo kimekuharibia macho. Mwaka 1981 walipimwa watu waliojua Kiebrania, kiandikwacho kutoka kulia, pamoja na Kiingereza. Macho yao yaligeuza upande kwa kufuata maandishi waliyopewa.

Msomaji mgeni hutua karibu kila silabi, hukaa, hurudi nyuma. Wengine huona haya. Lakini hata hodari hurudi, kama mara moja katika miruko kumi. Kukawia kwako ni akili inayofanya kazi. Jicho halina kosa.

Jambo jingine ni la mtu aliyepita miaka 40, ambaye husogeza kitabu mbali mpaka mkono wamwishia. Huyo kioo cha ndani ya jicho lake kimekuwa kigumu, hakijikunji tena kutazama karibu. Hutokea kwa watu wote. Wazee wangapi wameacha darasa wakisema akili zao zimechakaa, kumbe walihitaji miwani ya kusomea tu! Mzee wangu, kabla hujarudisha daftari, nenda hospitali ukapimwe macho.

Sasa fungueni kitabu. Funga jicho moja, weka kidole taratibu juu ya ukope wake, bila kukandamiza. Soma mstari mmoja kwa jicho la pili. Utaisikia miruko chini ya kidole. Ihesabu, uandike idadi yake daftarini.