Chekeche Linapozidiwa Mzigo

Kwenye machimbo ya kokoto, kama yale ya Lugoba mkoani Pwani, mawe yaliyopasuliwa na krasha hupandishwa kwa mkanda hadi kwenye chekeche la mtetemo. Hili ni fremu ya chuma iliyoinamishwa juu ya springi, yenye nyavu zilizopangwa ghorofa. Mota huzungusha ekseli yenye uzito uliolalia upande mmoja, fremu nzima ikatikisika mara mia kadhaa kwa dakika. Vipande vidogo huzama na kupenya, vikubwa husalia juu na kuteremka.

Tabaka la mawe likiwa nene mno, mchanga na vumbi vya juu haviwahi kuufikia wavu. Hutoka pamoja na kokoto kubwa. Ubaya wake ni kwamba kuzidiwa huku huonekana kama neema: mkanda umejaa, malori yanapakiwa upesi. Hasara humfikia mjenzi, kwa kuwa kokoto yenye vumbi haishikani vizuri na saruji.

Kwa hiyo cha kuangaliwa kwanza ni unene wa tabaka, kabla hata ya tani kwa saa. Kanuni iliyozoeleka kwa kokoto ni kwamba mwishoni mwa wavu unene usizidi mara 4 ya upana wa tundu: tundu la milimita 20, tabaka lisipite milimita 80.

Mara nyingi tani zenyewe si nyingi, ila zimemwagwa mahali pamoja. Mawe yakiangukia katikati tu, pembeni mwa wavu hakufanyi kazi yoyote. Hupaswa kutandazwa upana mzima, tena kwa mfululizo, si kwa mikupuo ya kijiko cha mashine ya kupakia. Masika nayo huleta udongo unaoziba matundu, na mzigo uliofaa jana ukazidi leo.

Wengine hukimbilia kuongeza kasi. Kasi ikipanda kwa asilimia 10, nguvu inayoitikisa fremu hupanda kwa asilimia 21, na gharama yake ni beringi zinazochemka na mabamba yanayopata nyufa.

Chekeche huwashwa tupu, likishika kasi ndipo mawe yaruhusiwe. Wakati wa kuzima, mawe hukatwa kwanza, wavu ukaachwa ujisafishe. Umeme ukikatika ghafla likiwa limejaa, swichi hufungwa kwa kufuli na mawe huondolewa kwa sepetu kabla ya kuliwasha tena.