Ndoo, Kompresa au Brashi: Kupoza Kisu cha CNC ya Nyumbani

Kitu cha kwanza nilichoiongezea mashine yangu kilikuwa pampu. Mashine yenyewe ni ruta ndogo ya CNC, kitanda chake ubao wa MDF, na iko chumba cha uani hapa Dar es Salaam. Nilitumbukiza pampu ya akwariamu kwenye ndoo ya kulanti, yaani kimiminika cha kupozea, nikavuta mpira hadi kwenye kisu, nikakata bamba la alumini. Kazi ilitoka inang'aa. Asubuhi yake ubao ulikuwa umevimba kingoni kama mkate uliochovywa kwenye chai, na kitanda hakina usawa tena. Pampu ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika mfumo huo. Kinachokula pesa ni kitanda kisichonywa maji, trei yenye kingo, kuta za kuzuia mirusho, na chujio la chembe.

Kwa hiyo kabla hujaingia dukani, jiulize unakata nini. Mbao na MDF hazitaki kimiminika hata tone. Weka pesa yako kwenye kifyonza vumbi. Akriliki inatosheka na upepo. Penye ushindani hasa ni alumini, kwa sababu ikipata joto hulainika na kunata. Zima mashine uangalie biti ya mm 6 iliyoanza kulalamika: kwenye mifereji yake utaona utando wa fedha umejibandika. Chembe zinazofuata hazina pa kutokea, na biti huvunjika muda si mrefu. Mara nyingi, basi, biti inaponzwa na chembe zilizokwama kuliko joto lenyewe.

Njia ya bei ya chini kabisa ni brashi, au chupa ya kudondoshea mafuta ya kukatia. Mafuta ya taa nayo mafundi wameyatumia kwa alumini miaka mingi, na yanafaa, mradi chumba kipitishe hewa na cheche ziwe mbali. Ubaya wake ni kwamba lazima usimame hapo hapo. Kwa kazi ya dakika kumi sawa. Kwa ya saa tatu utachoka.

Upepo wa kompresa unafukuza chembe vizuri, lakini hesabu yake iko kwenye LUKU. Kwa nyumba iliyo kwenye tarifu ya kawaida, Sh 1,000 inakupa takriban uniti 2.8. Kompresa ya wati 1,500 ikinguruma saa nne mfululizo inakula uniti 6, zaidi ya Sh 2,000. Pampu ya wati 25 kwa saa hizo hizo haifiki Sh 40. Tena kompresa ndogo nyingi hazikuundwa kufanya kazi bila kupumzika, na majirani watakukumbusha.

Ukiongeza matone ya mafuta kwenye upepo huo, unapata kulainisha na kufagia kwa pamoja. Ila fungua koki kidogo sana. Ukiona wingu hewani umezidisha, na wingu hilo linaishia kwenye mapafu yako.

Mfumo wa ndoo una gharama nyingine ambayo muuzaji haitaji: matunzo. Mafuta ya kuchanganya na maji huwekwa kati ya asilimia 5 na 10, yaani lita 1 hadi 2 katika ndoo ya lita 20. Tia maji kwanza, mafuta baadaye, huku unakoroga. Maji ya kisima chenye chumvi huuvunja mchanganyiko na kuleta kutu. Mimi nakinga yanayodondoka kutoka kwenye AC, ambayo hayana madini. Maji yakikauka mafuta yanabaki, hivyo ongeza maji uliyokwisha kuyatia mafuta kidogo tu. Ukisafiri wiki mbili ukaiacha ndoo imetulia, utakaribishwa na harufu ya mayai viza: bakteria wamestawi. Kipampu cha hewa cha akwariamu kinachotoa mapovu hupunguza tatizo hilo, na bei yake ni ndogo kuliko ndoo mpya ya mafuta. Na kwa kuwa maji na umeme viko pamoja, sakiti breka inayokata umeme ukivuja si ya kujadili.

Kwa ruta ya nyumbani inayokata alumini mara mbili tatu kwa wiki, ningenunua upepo na matone. Ndoo ningemwachia mwenye mashine ya chuma kitupu, iliyozungushiwa kuta, anayekata kila siku. Naye apange mapema kulanti chafu itakwenda wapi, maana mtaro wa mtaani si mahali pake.