UMUNYARI: TUUJUE MTI HUU, TUYALINDE MACHO YETU



Hapa Bujumbura na kwenye vilima vilivyo juu ya mji, nani asiyeujua umunyari? Katika Kiswahili cha Tanzania unaitwa mnyaa, na Wanyarwanda wanauita umuyenzi. Ndio ua wa nyumba nyingi, kwa kuwa tawi lake likichomekwa ardhini hushika mizizi, na mifugo huuepuka. Lakini sisi tunaoshika panga kupunguza ua wa kiwanda au kusafisha mipaka ya shamba, yatupasa kuujua zaidi ya hapo.

Wataalamu wa mimea wanauita Euphorbia tirucalli, jina lililotolewa na Linnaeus wa Uswidi mwaka 1753. Kundi la Euphorbia lina aina zipatazo 2,000. Muhogo tunaokula, mbono, na mti wa mpira unaotupatia matairi ni ndugu zake katika ukoo mmoja.

Tazameni matawi yake: ni ya kijani, ya mviringo, membamba kama penseli. Majani huota madogo sana kwenye ncha, kisha huanguka upesi. Kazi ya majani, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, hufanywa na matawi yenyewe. Ndiyo maana kiangazi hakiushindi.

Ua lake nalo ni la namna yake. Kile kinachoonekana kama ua moja ni kikombe kidogo kinachobeba maua kadhaa. Kila ua la kiume ni kijiti kimoja tu chenye chavua. Kwa kawaida mti mmoja wa umunyari huwa wa kiume na mwingine wa kike.

Sasa tufike kwenye hatari. Ndani ya matawi mna vijifereji vilivyojaa maziwa, nayo yamebanwa kwa nguvu. Ukikata, huchuruzika mara moja, na panga huyarusha usoni. Maziwa hayo ni silaha ya mti dhidi ya wanyama na wadudu. Kwa mtu, huwasha ngozi na kuleta malengelenge. Yakiingia jichoni huchoma vikali, maumivu huzidi baada ya saa kadhaa, na jicho lisipotibiwa laweza kupofuka. Magugu madogo ya kundi hili yanayoota mashambani yana maziwa pia: baada ya kupalilia, msifute macho kwa mikono isiyooshwa.

Basi tufanye hivi. Tuvae miwani ya kujikinga, glavu na mikono mirefu. Tukate kwa kusimama upande upepo unakotoka. Maziwa yakimwingia mwenzetu jichoni, asilisugue wala asitie dawa ya kubahatisha. Aoshe papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Apeleke na jina la mti.

Miwani si zawadi ya tajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mwajiri atoe vifaa vya kujikinga panapohitajika, na hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kabla ya kuinua panga, tuulize kwa sauti moja: miwani iko wapi?